Barua kwa mwanangu: mistari ya chaki kwa bibi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kuwa fizikia sasa unaipenda. Umeniuliza kwa nini bibi ameze vidonge kila siku na ilhali haumwi popote. Hata yeye anauliza hivyohivyo, na mwezi uliopita akaamua kuviacha kimyakimya. Nilipompeleka kupima, presha ilikuwa 170 kwa 100.

Tuliporudi nilichukua chaki. Presha hupimwa kwa milimita za zebaki, na zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Piga hesabu na wewe, kwa ile namba ya juu, moyo unapopiga: 120, presha ya kawaida, inatosha kupandisha maji mita 1.6, yaani utosini kwangu. 170 ya bibi ni mita 2.3. Nikachora mistari miwili ukutani kwake, wa pili ukapita juu ya mlango. Nikamwambia, "Mama, kila pigo, moyo wako unasukuma hadi pale." Akautazama ule wa juu kwa muda mrefu, asiseme kitu.

Kisha nikamtajia madumu, maana hayo anayajua kuliko mimi. Usichana wake wote alifukua mchanga wa korongo kutafuta maji. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma kama lita 5 kwa dakika. Dumu la lita 20 linajaa kwa dakika nne. Kwa siku nzima ni madumu 360. Na nguvu yake ni kama wati moja tu, wakati pampu ndogo ya hosipawa moja ninayofunga visimani inakula zaidi ya wati 700.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi. Unakumbuka ile pampu niliyoitoa kijijini, upande wa Bahi, mota imeungua? Bomba lilikuwa limejaa magamba meupe ya chumvi, kidole changu cha shahada hakikupita. Pampu hizi zinazozamishwa hupozwa na maji yaleyale zinazoyasukuma. Maji yakipungua, mota inapata joto hadi inakufa. Moyo nao hula damu uliyoisukuma wenyewe, kupitia mishipa myembamba iliyouzunguka kwa nje, na upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya damu hiyo katika ile nusu sekunde unapolegea kati ya pigo na pigo. Bado namstaajabia Muumba kwa hilo.

Lakini kuna mahali moyo hauko kama pampu zangu. Bomba likiziba, pampu yangu hutoa maji machache, basi. Moyo haukubali. Daktari mmoja Mfaransa, Poiseuille, alipima zamani maji yanavyopita kwenye vijirija vya kioo, akaona kwamba ukipunguza upana kwa nusu bila kuongeza msukumo, kinachopita kinabaki sehemu moja tu ya 16. Kwa hiyo vijishipa vya bibi vikibana kidogo tu, mzigo unaongezeka sana, na moyo unaubeba. Ukuta wa chumba chake cha chini cha kushoto unanenepa kama mkono wa mtwanga nafaka. Unene huo si afya: unakakamaa, haulegei vizuri, na unataka damu nyingi kuliko inayoufikia. Yote hayo yanatokea bila maumivu. Vidonge vyenyewe vinaupunguzia moyo huo mzigo.

Mimi ananiona fundi bomba tu. Wewe anakusikiliza, ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala kifuani pake ukihesabu "du-dup", na hukujua kwamba unasikia valvu zikifunga. Mwandikie, mwanangu, tena mwandikie kwa Kigogo, nitamsomea mwenyewe. Mwambie unataka kuikuta ile mistari.

Ameanza tena vidonge tangu Jumatatu. Ijumaa tunarudi kupima, nami nimeiacha chaki juu ya kizingiti.

Mama yako amekufungia karanga na zabibu kavu.

Baba yako