Timu za maktaba zipewe mamlaka, si jina tu

Mhariri,

Nimekuwa mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu kwa miaka 19, saba kati ya hiyo nikiwa mkuu wa idara ya uorodheshaji. Naandika kuhusu utaratibu wa kuvunja idara za maktaba na kuwapanga wafanyakazi katika timu. Nauunga mkono kwa moyo wote, ingawa ndio ulioniondolea cheo. Kinachoniuma ni kuona ukifanywa nusunusu.

Zamani kitabu kipya kwetu kilipita idara tatu. Watu wa ununuzi walikipokea na kuhakiki ankara, sisi tukakiorodhesha na kukipa namba, kisha kikaenda kwa wanaogonga mihuri na kubandika lebo, ndipo kipangwe rafuni. Kila idara ilikuwa na toroli lake na mkuu wake. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alikuja dawatini mara tatu kuulizia kitabu ambacho katalogi ilionyesha kimeshanunuliwa. Mara ya tatu niliitwa, nikaamua kukitafuta mwenyewe. Nilikikuta kwenye toroli lililoegeshwa nje ya mlango wangu. Ndani yake kulikuwa na kikaratasi: "Kinasubiri sahihi." Sahihi iliyosubiriwa ni yangu. Kazi iliyobaki haikuzidi dakika 20, na kitabu kilikuwa kimekaa hapo majuma tisa.

Nilichunguza nimlaumu nani, nikakosa. Wa ununuzi walikuwa wamemaliza sehemu yao. Aliyelisukuma toroli hakuwa na ruhusa ya kuingia kwangu bila kupitia kwa mkuu wake. Mimi sikujua kama kipo. Kila mtu alitimiza wajibu wake, na yule mwanafunzi akafanya mtihani bila kitabu.

Sasa tuko sita katika timu moja, tuliotoka idara zote tatu, na toroli ni moja. Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Swali likiulizwa, macho yote yananigeukia mimi, na mimi nimejikaza nisijibu. Tulikaa kimya muda mrefu. Hatimaye mwenzetu wa lebo, ambaye kwa miaka minne sijawahi kumsikia akitoa hoja, akauliza kwa nini kila kitabu kinagongwa mhuri sehemu tatu. Hatukuwa na jibu. Tukabakiza mhuri mmoja. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayefungua vikao vyetu.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, ilipita njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya uongozi wa Carla Stoffle, wakati bajeti imebana. Idara zilivunjwa, ngazi za uongozi zikapunguzwa, timu zikaachiwa zipange malengo yake. Jambo ninalotaka wakuu wetu walitazame ni kwamba wenzetu wale hawakuishia hapo. Walijitengenezea pia mfumo mpya wa kupima utendaji, uendane na kazi ya timu.

Kwetu fomu ya tathmini ni ileile. Bado inauliza: "Umeorodhesha rekodi ngapi mwaka huu?" yaani umeingiza maelezo ya vitabu vingapi kwenye katalogi. Kijana mmoja hodari katika timu yetu alitumia karibu muhula mzima kuwafundisha wawili waliotoka idara nyingine. Mwisho wa mwaka alipewa alama za chini kuliko wote, kwa kuwa rekodi zake zilikuwa chache. Sasa hafundishi mtu, na siwezi kumlaumu. Timu hiyohiyo, inayoambiwa ijiendeshe, haiwezi kuagiza hata bunda la lebo bila barua yenye sahihi tatu. Kitabu hakisubiri tena sahihi yangu, tunasubiri sisi.

Wenzetu wa zamu ya usiku wamesahaulika kabisa. Vikao huitishwa asubuhi, wao wakiwa wamelala, kisha wanaletewa maamuzi kwenye karatasi ubaoni. Hao ndio wanaojua wasomaji wanakosa nini saa nne usiku.

Kuhusu sisi tuliokuwa wakuu, hatukuelezwa kazi yetu mpya ni ipi. Wengine waliendelea kuamrisha kama zamani, wengine wakakaa tu. Mimi nilisaidiwa na wenzangu wa timu, walionivumilia. Mafunzo ya wiki moja tu ya namna ya kuongoza kikao bila kukitawala yangetuokoa sote.

Wala sisemi kila kazi ipewe timu. Anayekarabati hati za kale aachwe na meza yake na utulivu wake.

Ninachoomba mabaraza ya vyuo kabla ya kutangaza timu nyingine ni hiki: kila timu ipewe fungu dogo la fedha ambayo inaweza kuitumia bila kuomba sahihi, vikao vipangwe saa ambayo zamu zote zinafika, na tathmini ihesabu siku ambazo kitabu kinachukua kutoka mlango wa kuingilia hadi rafuni, maana hizo ndizo siku za msomaji.

Fomu za mwaka huu zinatakiwa Ijumaa. Swali la idadi ya rekodi bado liko ukurasa wa kwanza.

Mkutubi, maktaba ya chuo kikuu
(Jina limehifadhiwa)