Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii wa Nova Scotia: waachieni Wami'kmaq mlango wao

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Halifax, mji mkuu wa jimbo lako hapa Kanada. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa nataka Waswahili wenzangu tuliohamia jimboni mwako waisome pia barua hii. Nao ni watalii wa hapa kila kiangazi.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu Goat Island, kule Eskasoni, kwenye jamii ya Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa jimbo hili, kando ya ziwa Bras d'Or. Kijana aliyetupokea alisema "Pjila'si", yaani karibuni, akafukiza majani makavu nasi tukajipitishia moshi usoni na kifuani. Binti yangu akaninong'oneza kwamba ni kama udi wa bibi. Tuliona vikapu vinavyosukwa kwa vibanzi vya mti, tukala mkate wa luskinikn ungali moto. Kisha tukafundishwa mchezo wa waltes: bakuli la mti, vipande sita vya mfupa, vijiti vya kuhesabia. Aliyekulia barazani penye bao angeketi pale hadi magharibi.

Lakini kilichonikaa moyoni ni sauti ya yule kijana. Alikuwa akisema Kimi'kmaw, lugha ya Wami'kmaq, waziwazi, mbele ya wageni, bila kujibana.

Unaijua vizuri shule ya bweni ya Shubenacadie. Kuanzia 1930 hadi 1967 watoto wa Wami'kmaq walitenganishwa na wazazi wao wakapelekwa huko, na waliosema lugha yao waliadhibiwa. Mimi nilisoma Mombasa, na shuleni kwetu tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili. Nilikuwa nikilia. Hata hivyo, jioni nilirudi nyumbani, mama akaniita kwa Kiswahili, na yakaisha. Watoto wa Shubenacadie walilala kulekule. Waliporudi makwao, wengi hawakuthubutu kuwarithisha watoto wao lugha iliyowaletea kipigo.

Ndiyo maana naamini utalii huu, wa Wami'kmaq kuwapokea wageni wenyewe, ni tiba. Mgeni anauliza jina la mti. Kijana asipolijua, inambidi amwendee bibi yake. Swali la mtu wa mbali linafungua mazungumzo yaliyofungwa nyumbani kwa miaka mingi.

Serikali yako ilipitisha sheria inayokitambua Kimi'kmaw kuwa lugha ya kwanza ya Nova Scotia, na ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2022. Asante kwa hilo. Sasa naomba bajeti ya utalii iifuate. Fedha ziende moja kwa moja mikononi mwa jamii zenyewe, Eskasoni, Membertou na nyinginezo, na wao ndio waamue nini kionyeshwe na kwa bei gani. Pia waongozaji na wazee walipwe majira ya baridi, wageni wakiwa hawapo. Huo ndio wakati wa kufundishana, na kijana asiye na mshahara mwezi Januari atahamia mjini kutafuta kazi.

Tena waheshimiwe wanaposema hapana. Kule Kejimkujik, hifadhi ya taifa, michoro ya kale iliyochongwa mwambani huoni mpaka uongozwe, na sikuona mgeni aliyenung'unika. Yako mambo ya familia na ya maombi ambayo hayapaswi kuingia kwenye tangazo lolote, hata kama yangeleta mabasi kumi kwa siku.

Bajeti ijayo ikisomwa, nitakuwa nikisikiliza kama imetaja mishahara ya Januari.

Wako kwa heshima,
Mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Halifax