Risala ya Walimu wa Masomo ya Jamii kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, wazazi, walimu wenzetu na wanafunzi,

Karibu sana Jinja. Tunakushukuru kwa kuja kupokea vijitabu vyetu vitatu kuhusu utamaduni wa watu wa Sudan Kusini, India na Japani, tulivyowaandalia wanafunzi wa sekondari kwa miaka miwili.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi achunguze na aulize mwenyewe. Achunguze kwa kutumia nini? Vitabu vya maktaba yetu kuhusu mataifa mengine vilikuwa vichache, navyo viliishia kwenye mavazi ya sherehe na ngoma. Mtoto alijua kimono, ila hakujua kwamba kijana mwenzake wa Japani hushika ufagio na kusafisha darasa lake mwenyewe, wala kwamba mwaka wake wa shule huanza Aprili.

Mheshimiwa, kijitabu cha Sudan Kusini kilitutia aibu. Tulikiandika harakaharaka, tukasema watu wa huko ni wafugaji. Msichana wa kidato cha pili, aliyeingia Uganda kama mkimbizi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi ni Wazande. Kwetu watu wanalima, hawafugi ng'ombe." Darasa zima likanyamaza. Jioni tulimfuata mama yake, tukakaa naye mpaka giza likaingia, na sura ile tukaiandika upya. Tangu siku hiyo hakuna ukurasa unaopigwa chapa kabla haujasomwa na mtu wa huko.

Cha India ndicho tunachokipenda zaidi, kwa sababu kinaanzia mlangoni petu, kwenye chapati ya roleksi, ile inayoviringishwa na mayai, inayogeuzwa kikaangoni kando ya barabara. Chapati, gari, bima: maneno haya yote Kiswahili kiliyapata kutoka India. Kisha tunaingia kwenye reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, kwa jasho la vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Tunafika mpaka hapa mtoni, ambako sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa katika Nile mwaka 1948. Na mwaka 1972 hatukuuruka. Wanafunzi walipita Barabara Kuu wakinakili majina ya Kihindi na miaka iliyochongwa juu ya maduka, halafu wakawauliza wazee: hawa walikwenda wapi? Wazee wakawaeleza zile siku 90 ambazo Rais Idi Amin aliwapa Waasia waondoke Uganda, na mmoja akalia akimkumbuka rafiki yake wa utotoni. Maneno yake yamo kitabuni, kwa ruhusa yake.

Tatizo letu ni nakala. Darasa la wanafunzi themanini lina vijitabu sita, na kurasa zimeanza kuchanika. Tunaomba utusaidie kupata mashine ya kurudufu, pamoja na intaneti ya uhakika ili wanafunzi wazungumze na wenzao wa nchi hizo. Tunaomba pia msaada wa kuvitoa vijitabu hivi kwa Kiswahili, maana tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima, walimu wa Kiswahili wanatuuliza kila muhula watasomesha kwa maandishi gani.

Nakala tunayokukabidhi leo ni ile ya India. Ukurasa wake wa mwisho tumeuacha mtupu kwa maswali ya msomaji. Mheshimiwa, tunaomba uandike swali lako kabla hujaondoka. Kidato cha pili watalifanyia kazi Jumatatu.

Tunaomba kuwasilisha.