Daraja la kuinuka hukwamishwa na pini

Mhariri,

Daraja la kuinuka la watembea kwa miguu na baiskeli likikwama, lawama huangukia mota na pampu. Mara nyingi hazina kosa. Kinachokwamisha ni pini ya kufungia, yaani chuma kinacholibana daraja likishashuka, iliyokataa kuingia tunduni.

Chuma cha mita 40 kikipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka takriban milimita 14. Isitoshe, jua la mchana huchoma sakafu ya juu huku mihimili ya chini ikiwa kivulini juu ya maji, basi daraja hupinda na ncha yake haikai pale ilipokaa alfajiri. Pini inagonga ukingo wa tundu, kihisi hakitoi ishara kwamba daraja limefungwa, na mtambo, kama inavyopaswa, unakataa kufungua mageti. Watu wanaliona daraja limeshuka, wanang'aka kwa nini hawavushwi. Hapo ndipo huja kishawishi cha kukiruka kihisi, yaani kulazimisha mageti yafunguke bila ishara yake. Kisirukwe mpaka mtu ashuke kuitazama pini kwa macho yake.

Julai 2024, daraja la Third Avenue mjini New York, ambalo ni la magari na huzunguka badala ya kuinuka, liligoma kufunga kwa sababu ya joto, boti zikalimwagia maji. Maji husaidia, ila huo si mpango wa matengenezo. Mianya iliyo kwenye ncha za daraja na tundu la pini vipimwe kwa joto la chuma chenyewe kikiwa juani, si joto la hewa linalotangazwa na watabiri.

Mwanya huohuo ni mtego wa baiskeli. Tairi jembamba lina milimita 25 hivi. Mwanya unaokwenda sambamba na njia hulimeza. Bamba la kuufunika liwe na meno, na njia iukate moja kwa moja, bila kona. Daraja la Inderhavnsbroen la Copenhagen, lililofunguliwa 2016, ni zuri kwa macho, lakini kona zake kali zimelalamikiwa sana na waendesha baiskeli.

Ukarabati nao una balaa lake. Tabaka jipya la kuzuia utelezi, unene wa milimita 10 kwenye sakafu ya mita 30 kwa 4, huongeza tani 2 au zaidi. Uzito wa kusawazisha, ule unaolipunguzia daraja mzigo linapoinuka, usiporekebishwa, pampu hubeba mzigo ambao hazikuundiwa. Mwenye zabuni aonyeshe hesabu hiyo kabla ya kufungua kopo la kwanza.

Fundi mitambo wa madaraja