Kabla ya kununua tangi la samaki la mtumba, tuletee maji ya bombani kwako

Mteja anayeingia dukani kwetu hapa Arusha kwa mara ya kwanza huwa na swali moja: tangi bei gani? Ni swali la haki. Tangi jipya la kioo ni ghali, na ya mtumba yapo mjini. Mgeni amemaliza mkataba anahama, hoteli inabadilisha mapokezi, familia imechoka na tangi limebaki stoo limejaa viatu. Ukiwa na subira utapata la bei nafuu, pengine na mfuniko na taa yake. Ila sisi tunaanza na swali jingine: unakaa mtaa gani, na maji yako yanatoka wapi? Njoo nayo, nusu chupa inatosha. Tunayapima ukiwa umesimama hapo hapo, bila malipo, hata kama tangi utalinunua kwingine.

Sababu ni Mlima Meru. Maji mengi ya Arusha yamepita kwenye miamba ya volkano kabla ya kufika bombani, na humo yamebeba floridi na magadi. Floridi kila mtu anaijua kwa sababu ya meno ya kahawia. Kwa mfugaji wa samaki wa mapambo, cha kuangalia kwanza ni yale magadi, maana ndiyo yanayoyapa maji alkali. Alkali tunaipima kwa kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Chemchemi ya juu mlimani inaweza kutoa maji yaliyo karibu na 7, huku kisima kirefu cha upande wa tambarare kikitoa ya 8 na zaidi. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa Njiro unaweza usikufae wewe wa Ngaramtoni, hata kama samaki wake wamenawiri.

pH hiyo inagusa mfuko wako kwa njia mbili. Ya kwanza ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Ndani ya maji amonia huwa katika sura mbili, moja yenye madhara madogo na nyingine iliyo sumu kali, na pH ndiyo inayoamua ipi itazidi. Katika nyuzi joto 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura ile ya sumu. Yakifika 8 ni kama asilimia 5. Yakifika 8.5 ni kama asilimia 15. Uchafu uleule na samaki walewale: kwenye maji ya pH 7 wanavumilia, kwenye maji ya kisima chenye magadi unaamka asubuhi unawakuta wanaelea. Wengi waliopoteza samaki walifuata vizuri kabisa maelekezo waliyoyaona kwenye video, ila video ile ilitengenezwa mahali penye maji ya aina nyingine.

Njia ya pili ni aina ya samaki. Neoni na diskasi wanaopendwa sana kwenye picha asili yao ni mito ya Amazon, kwenye maji laini, yaani yenye chumvi kidogo za mawe, na yenye asidi. Watu hujaribu kuwashushia pH kwa siki au ndimu. Inashuka kweli, na kesho yake imepanda tena, kwa sababu magadi yaliyomo huimeza ile asidi. Kupanda na kushuka huko kunaumiza samaki kuliko pH ya juu iliyotulia. Anayewataka hasa kwa moyo wake wote anaweza kukinga maji ya mvua wakati wa masika, baada ya mvua za kwanza kuosha bati, akayachanganya na ya bomba. Ni kazi ya kila wiki, na mvua zikiisha Juni unabaki na mapipa matupu. Kwa anayeanza hatulishauri hilo.

Chagua samaki wa maji uliyonayo. Gapi, moli na plati wanayapenda maji yenye alkali, hawana gharama na wanazaliana nyumbani. Tena wapo wa kwetu, na hapa tunasema kwa fahari: Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9, na ndani yake kuna kisamaki kinachoitwa Neolamprologus multifasciatus ambacho mara nyingi hakizidi sentimita 5. Kinaishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Jike hutaga humo, na akibughudhiwa hujificha ndani ya kombe lake. Kundi dogo linatosha kwenye tangi la lita 60, na makombe ya konokono wa bustanini yaliyochemshwa na kusafishwa vizuri yanafaa. Watu huko Ulaya huwanunua kwa bei kubwa wakahangaika kuyatengeneza maji yao yafanane na yale ya Tanganyika, wakati wewe pengine unayafungulia bomba. Hawapatikani kila wakati dukani, na wanataka maji safi yasiyobadilikabadilika, kwa hiyo tunawapa wateja ambao tangi lao limeshatulia.

Sasa tangi lenyewe. Kwa kuanzia tunapendekeza la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, ambalo huchukua lita 63. Watu hudhani dogo ndilo rahisi kulitunza, kumbe maji yakiwa machache sumu hukolea haraka na joto hupanda na kushuka haraka. Ukienda kuliona, pitisha kidole kwenye silikoni, ile gundi inayoshikilia vioo kwenye kona za ndani. Ikiwa laini na imeshika, vizuri. Ikiwa imekauka, imebanduka pembeni au imegeuka nyeupe na kupasuka, shusha bei au uliache. Kioo kilichochubuka ni suala la macho tu. Kioo chenye ufa usikichukue, hata kwa bure. Weupe unaoganda kwenye mstari wa maji ni chumvi za maji, na siki unautoa. Sabuni usiguse nayo tangi kabisa.

Lisafirishe tupu, limekaa wima juu ya godoro, kwenye kirikuu au bajaji. Pikipiki hapana. Likifika, liweke uani mahali palipo sawa, lijaze hadi juu na uliache siku mbili ukiwa umezungushia magazeti makavu chini. Gazeti likilowa utajua kona ipi inavuja. Kuvuja kunarekebishika: silikoni ya zamani yote ya ndani inakwanguliwa kwa wembe, kioo kinafutwa kwa spiriti, kisha inapakwa mpya na kuachwa ikauke siku tatu. Mwambie muuza vifaa vya ujenzi unataka silikoni tupu, isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, kwa sababu dawa ile inaua samaki. Kazi hii tunaifanya pia dukani, ila kama una mkono mtulivu huhitaji kutulipa.

Kumbuka lita moja ni kilo moja. Tangi hilo likiwa na maji, kioo na kokoto linazidi kilo 75, na kabati la televisheni la mbao za kubandika litapinda. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea meza ya chuma. Hapa usibane matumizi.

Ukitaka kubana, bana kwenye vilivyomo ndani. Mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe ni mzuri kama wa pakiti. Mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, ambayo hapa kwetu hata barabarani yanamwagwa, yanafanya kazi ya vile vipande vya kichujio vinavyouzwa ghali, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji wanakaa kwenye vitundu vile. Jiwe usilolijua lidondoshee siki: likitoa mapovu lina chokaa na litaongeza ugumu wa maji. Kichujio chenyewe kiwe cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Ni cha bei ya chini na hakiharibiki ovyo.

Kama muuzaji wa tangi bado ana samaki ndani, mwombe sponji ya kichujio chake kabla ya kitu kingine chochote. Ibebe ikiwa imelowa, ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lile lile. Usiisuuze bombani, klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, itaua kilicho hai ndani yake. Sponji ile chafu ndiyo mali ya thamani kuliko vyote utakavyoondoka navyo, na hapa ndipo tunawaomba wateja wetu watusikilize hata kama mengine watayaacha. Kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Tangi jipya halina bakteria hao. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha, na maji yakiwa ya baridi wanachukua muda zaidi. Katika wiki hizo tangi linakuwa na maji, kichujio kinafanya kazi, unatupia chembe za chakula kila siku ili kuwe na amonia ya kuwalisha, na samaki hawamo. Watoto nyumbani watalalamika. Waambieni tangi bado linajengwa, maana ndivyo ilivyo. Ukiwa na sponji ya zamani muda huo unapungua sana. Na kama huna, tunakukamulia maji ya sponji zetu kwenye chupa, bure. Utajua liko tayari pale kipimo kitakapoonyesha amonia sifuri na naitraiti sifuri ingawa unaendelea kulilisha. Kwa maji ya pH 8 na kuendelea hatuuzi samaki kabla ya kuona sifuri hizo, hata mteja akija na pesa mkononi.

Umeme nao tuuseme. Arusha ya Juni hadi Agosti ni baridi, na maji ya sebuleni usiku yanashuka chini ya nyuzi 20. Gapi hudhoofu na kushikwa na magonjwa ya vidoa vyeupe. Hita ya wati 75 ikiwaka nusu ya siku inakula kama uniti 27 kwa mwezi. Pampu ya wati 5 inayowaka saa zote ni uniti 3.6, na taa ya wati 10 kwa saa 8 ni 2.4. Kama uko kwenye daraja la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu hiyo kabla, kwa sababu ukizidi hapo bei ya uniti inaruka. Weka hita kwenye nyuzi 24, funika tangi kwa mfuniko wa kioo, lisogeze mbali na dirisha, na miezi ya joto uizime. Mteja wetu wa Moshi, ambako mji uko chini zaidi ya Arusha na joto ni zaidi, mara nyingi haihitaji kabisa. Umeme ukikatika, usilishe. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kila baada ya muda ili hewa iingie. Pampu ndogo ya USB inayoendeshwa na pawabenki inatosha kuvusha usiku.

Siku ya samaki ikifika, anza na gapi madume watano au sita. Ukichanganya na majike, jike mmoja huzaa kila baada ya mwezi hivi, watoto 20 au zaidi, na ndani ya miezi michache tangi limefurika. Samaki wa dhahabu tunawakatalia wenye matangi madogo, kwa kuwa hukua kupita urefu wa mkono wa mtoto na uchafu wao ni mwingi. Mfuko uelee juu ya maji dakika 20, kisha uongeze maji ya tangi kidogo kidogo. Lisha mara moja kwa siku, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, na siyo mkate. Kila wiki badili robo ya maji kwa yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu jana yake, ili klorini iwe imetoka.

Ukihama, au wakizidi, warudishe kwetu. Tunawapokea wote, hata wale ambao hatukuwauza sisi. Tafadhali usiwamwage Mto Themi wala Ziwa Duluti. Ziwa Chala, pale nyuma ya Kilimanjaro mpakani na Kenya, lina perege wake, Oreochromis hunteri, ambaye kwa asili hayupo ziwa jingine lolote duniani, na leo yuko hatarini kutoweka huku akishindana na samaki walioletwa na watu kutoka kwingine.