Madini ya ng'ombe yaliua kondoo wangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wafugaji wenzangu, na zaidi niseme na wale wanaotuuzia madini ya mifugo. Nafuga Usagara, wilaya ya Misungwi. Nina ng'ombe wa kienyeji 23, na hadi Agosti mwaka jana nilikuwa na kondoo 14. Leo wako 8. Hao 6 hawakuibwa wala hawakuliwa na fisi. Niliwalisha mwenyewe kilichowaua, tena kwa nia njema.

Mambo yalianzia kwa ng'ombe. Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka juzi walikuwa wamechoka kupita kawaida. Fahali wangu mweusi alipauka, manyoya yakaingia wekundu wa kutu, na kuzunguka macho pakawa peupe kama mtu aliyevaa miwani. Majike wawili walikaa miezi bila kuja kwenye joto. Jioni kundi likirudi utamkuta mmoja ana mfupa mdomoni, anautafuna utadhani muwa. Nilianza na dawa ya minyoo, maana sisi wa karibu na ziwa minyoo bapa ya ini tunaifahamu, na mnyama mwenye minyoo atakonda tu hata ukimpa madini ya dunia nzima. Sikuona mabadiliko ya maana. Jirani yangu, mtu mzima, akaniambia, "Hawa wana njaa ya chumvi."

Alisema kweli, lakini nusu. Wazee wetu Wasukuma walikuwa wakifunga safari ndefu hadi Ziwa Eyasi kufuata chumvi, kwa hiyo habari ya chumvi hatukuisubiri kutoka kwa mtaalamu yeyote. Ila chumvi tupu ni sodiamu na klorini, basi. Ng'ombe anayetafuna mifupa mara nyingi anatafuta fosforasi, na mfupa wa mzoga unaweza kumpa sumu ya kupooza akafa kabla hujajua kaokota wapi. Manyoya yanayopauka na kuzunguka macho pakawa peupe ni dalili ya upungufu wa shaba. Kobalti nayo inahitajika kidogo mno, kama miligramu 0.1 kwa kila kilo ya chakula kikavu, lakini ikikosekana vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe haviwezi kutengeneza vitamini B12, na mnyama hukonda akiwa amezungukwa na majani. Kule Nakuru, Kenya, walowezi walihangaika miaka na ng'ombe waliokuwa wakikonda hivyo, hata ugonjwa ukapewa jina la mji, kumbe ni ukosefu wa kobalti.

Sisi tunaochungia kwenye luseni, ule mchanga wa miteremko ya mawe, tusishangae. Majani hayawezi kutoa kisichokuwamo ardhini. Na hata kule mbugani kwenye udongo mweusi, shaba inaweza kuwamo kwenye majani ikaishia kufungwa tumboni na madini mengine kama molibdenamu, salfa, au chuma kilichomo kwenye udongo anaoumeza akila nyasi fupi za kiangazi. Ng'ombe anashiba, shaba haimfikii.

Basi nikaenda mjini, kwenye duka moja la dawa za mifugo. Kijana akachota unga wa kijivu kwenye gunia lililokwisha kufunguliwa, akapima kilo 5, akamimina kwenye mfuko mweupe usio na neno hata moja. Nikamuuliza kama kondoo nao wanaruhusiwa. "Mifugo ni mifugo, baba," akajibu, akageukia mteja mwingine.

Haki yake nimpe: kwa ng'ombe unga ule ulifanya kazi. Nilirudi kuununua mara nne. Miezi mitatu haikuisha fahali akaanza kurudisha weusi wake, na jike mmoja kati ya wale wawili akapandwa. Nilikuwa nimekata tairi kuukuu nikalifanya hori la madini, nikaliwekea kijipaa cha bati mvua isiyeyushe, na nilijisifu kwelikweli. Kondoo wanalala zizi moja na ng'ombe. Wakawa wanalamba humohumo, nami nikafurahi kwamba wote wanafaidi.

Kondoo wale walinenepa. Hapo ndipo ugonjwa huu unapomhadaa mtu. Shaba inajilundika kwenye ini la kondoo wiki baada ya wiki, miezi hata, na kwa nje huoni kitu. Agosti malisho yalipokauka niliwaswaga hadi kwenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, ya shemeji yangu, mwendo wa nusu siku juani. Kesho yake asubuhi watatu hawakunyanyuka. Mmoja alikojoa mbele yangu. Mkojo ulikuwa mwekundu unaoelekea weusi, kama chai ya rangi iliyozidi majani, ukaacha doa kwenye mchanga. Nilipomfunua kope, ndani palikuwa manjano. Kabla ya jua kutua wawili walikuwa wamekufa.

Bwana mifugo alikuja siku ya pili akapasua mzoga wa tatu. Ini la manjano, figo nyeusi tii. Hakuniuliza kuhusu kupe wala majani ya sumu kwanza. Aliuliza, "Mzee, hawa kondoo wanalamba nini?" Nikamwonyesha mfuko. Akaugeuza huku na huku akitafuta maandishi.

Alichonieleza nakiandika hapa kwa sababu sikuwahi kukisikia kwenye mkutano wowote wa wafugaji. Ng'ombe anahitaji takriban miligramu 10 za shaba kwa kila kilo ya chakula kikavu, na anaweza kuvumilia hadi 40. Kondoo huanza kuwa hatarini akipita 15. Mwili wake haujui kuitoa shaba ya ziada, unaiweka tu akiba kwenye ini. Siku anapopata msukosuko, safari, njaa, baridi ya mvua, ini linaiachia kwa pamoja, inaingia kwenye damu na kuvunjavunja chembe nyekundu. Zikishavunjika, dawa hazina msaada mkubwa. Kwa waliobaki alinipatia dawa yenye molibdenamu na salfa ya kufunga shaba tumboni, akanionya nisiitumie bila yeye kuwapo. Mbuzi, alisema, anavumilia kuliko kondoo. Akaongeza jambo ambalo wenzetu wa mjini walisikie: chakula cha nguruwe kinaweza kuwa kimetiwa shaba nyingi, na mwenye kondoo wawili watatu nyuma ya nyumba asiwatupie mabaki ya bandani mwa nguruwe.

Nisieleweke vibaya, kondoo anahitaji shaba pia. Jike akiikosa akiwa na mimba anaweza kuzaa mwanakondoo anayeyumba miguu ya nyuma, asiyeweza kumfuata mama yake. Na kobalti kondoo anaihitaji kuliko ng'ombe. Kwa hiyo simwambii mtu amnyime kondoo madini, ninamwambia atafute yaliyotengenezwa kwa kondoo, yasiyoongezwa shaba, na asimwongezee shaba mpaka apimwe aonekane amepungukiwa. Seleniamu nayo ina tabia hiyohiyo: ikipungua, kondo la nyuma linagoma kutoka baada ya kuzaa, ikizidi ni sumu, na umbali kati ya kinachofaa na kinachodhuru ni mdogo sana. Kumzidishia mnyama kipimo ili anenepe upesi ni kucheza na moto.

Wenye maduka, naomba haya. Kama mnapimia watu reja reja, na najua mnafanya hivyo kwa sababu mfugaji wa kwetu hana fedha ya mfuko mzima, basi andikeni. Karatasi na kalamu vinatosha: ni madini ya mnyama gani, yana shaba kiasi gani kwa kilo, mnyama mmoja apewe gramu ngapi kwa siku. Yaliyotiwa shaba kwa ajili ya ng'ombe yaandikwe KONDOO WASILAMBE, kwa herufi kubwa.

Na kwa idara ya mifugo ya mkoa wetu: ini ndilo linalosema ukweli kuhusu shaba, kuliko damu. Maini yanapita machinjioni kila siku ya Mungu, na Wakala ya Maabara ya Veterinari wana kituo hapahapa Mwanza. Vipande vya maini ya ng'ombe na kondoo wa Magu, Kwimba, Sengerema na huku kwetu vikichukuliwa na kupimwa, tutaambiwa nani anapungukiwa na nini, kata kwa kata. Sasa hivi sote tunanunua unga uleule, wa luseni na wa mbugani, kwa kusikia jirani kasema.

Mimi nimeshatenganisha zizi. Tairi la ng'ombe nimelifunga juu ya nguzo, kimo ambacho kondoo hafiki hata akisimama kwa miguu miwili, ingawa kuna jike mmoja mkorofi anayejaribu kila jioni. Bwana mifugo ameniambia ini halitoi shaba yake kwa mwezi wala miwili, kwa hiyo hao 8 siwaswagi mbali, na kila asubuhi kabla ya kufungua zizi nasimama kwanza nione mkojo wao una rangi gani.

Mfugaji,
Usagara, Misungwi, Mwanza