Boya kwanza, kamera baadaye

Mdogo wangu,

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie hela ya mwezi huu nimeshatuma. Ya kamera uliyoniomba situmi. Nakutumia vya kuzamia: boya la ishara, yaani mfuko wa hewa mzamiaji anaourusha juu ili aonekane, rili (gurudumu la uzi wake) ya mita 30 na filimbi, na usinune kabla hujamaliza kusoma.

Mkondo haushindwi kwa miguu. Ukiukabili unahema ovyo, kichwa kinauma kwa kabonidioksaidi, na mwamba uko palepale. Kata mshazari, au shuka karibu na chini. Pale maji husuguana na mwamba, kasi hupungua. Siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu, kaa nchi kavu. Subiri maji mafu, uingie yakikaribia kusimama, uanze kwa kuelekea mkondo unakotoka ukiwa bado dhaifu, ili ukurudishe.

Sasa linaloniudhi: nani kakwambia mpande geji ya mtungi ikisoma baa 50? Piga hesabu. Shinikizo la mita 20 ni baa 3, hewa huisha mara 3 ya juu. Mwenye hofu huvuta lita 30 za hewa kwa dakika akiwa juu. Mkiwa wawili kwenye mtungi mmoja, 60. Dakika 1 ya kutulia chini ni lita 180, dakika 3 za kupanda kwa wastani wa baa 2 ni 360, dakika 3 za kusubiri mita 5 ni 270. Jumla 810. Gawa kwa mtungi wa lita 12, unapata baa 68. Mnapanda kwenye 70, basi.

Boya usilijaze hewa pomoni ukiwa chini. Lita 1 ya mita 20 hufika juu ikiwa lita 3. Na rili usiifunge kwenye fulana ya kuzamia! Uzi ukinasa, boya linakupandisha nalo, na ukibana pumzi mapafu yanapasuka. Ishike mkononi, kidole mbali na uzi. Ikikwama, iachie iende.

Maji yakichafuka, tochi iwe pembeni, mbali na uso, maana takataka hurudisha mwanga machoni. Mwenzako akipotea, mtafute dakika 1, kisha panda taratibu, naye apande.

Mwambie baba cheti cha kuongoza wazamiaji nimekipata, yeye aliyesema huu ni mchezo wa watoto. Nimewakumbuka wote, hasa jioni.

Boya likifika, lizoee kwenye mita 5, maji yametulia, mwenzako akikutazama. Ukiweza kulirusha mara 10 bila kupanda wala kuzama nusu mita, niandikie. Hapo tutaongea kamera.

Kaka yako